Nyimbo Mlangoni kwa Antipasi

Lori la Ikungi lilijaa magunia ya mtama, na Zefania, aliyebanwa kati ya tarishi wa baraza la mtemi na mama mmoja aitwaye Yunisi, hakuwa na pengine pa kupeleka masikio yake.

"Mama, wanawake wa kijiji kizima kuimba mlangoni kwa Antipasi kutwa nzima ni fujo," alisema tarishi. "Ndiyo maana umeitwa barazani." Yunisi akamtazama. "Na yeye kumpiga mkewe mjamzito, mwanangu, hilo mnaliitaje?" "Hayo ni mambo ya nyumbani." "Basi na sisi tulikwenda nyumbani kwake."

Zefania alijikohoza ili asicheke.

Lori liliposimama, nyimbo za wanawake zilisikika kutoka barazani. Tarishi hakushuka.

"Wenzangu wametangulia," alisema Yunisi, akikaza kanga kiunoni. "Twende ukawaeleze hilo neno lako, fujo."