Modemu Inawaka, Mashine Haiioni

Benchi letu limeegemea ukuta wa mochwari, na kahawa ya hapa haina mpinzani kwa sababu hakuna muuzaji mwingine aliyethubutu kuja. Anayekaa kulia ni Breki, dereva wa gari la maiti, tuliyempa jina hilo kwa kuwa gari lake halina. Kushoto ni Futi, seremala wa majeneza, ambaye akikusalimia anakupima. Katikati ni mimi, Mnara, niliyesimamisha minara ya simu mingi kuliko meno yenu mkiyakusanya. Siku hiyo alikaa nasi dada mmoja aliyekuja kumchukua kaka yake. Kaka aligongwa mjini akiwa hana kitambulisho, akaingizwa humo kama Hajulikani. Dada amemtambua tangu asubuhi na polisi wamepitisha kibali, ila siku hizi kibali hakipokelewi kwa mkono wala kwa mdomo, kinaingia kwa mtandao tu, na kompyuta ya karani haioni modemu. Alasiri lingekuja gari la manispaa kuwabeba wasiojulikana, wakazikwe shimo moja. Ambaye kibali chake hakimo mashineni anakwenda nao.

Karani alitoka ofisini, shati limemganda mgongoni.

KARANI: Taa ya modemu inawaka. Nikiiuliza mashine, inasema hakuna modemu.

BREKI: Chomoa, puliza, chomeka. Ni vumbi. Mimi pampu ya dizeli naipuliza hivyo hivyo.

KARANI: Nimepuliza mpaka nimeona kizunguzungu, kaka.

FUTI: Vumbi wapi. Ni yale majokofu. Mabati yake yananyonya mawimbi. Ingia mle na redio uone kama itatoa hata neno.

BREKI: Wewe umeingia lini mochwari na redio?

FUTI: Nilikuwa napima mteja, na mpira ulikuwa unatangazwa. Ningefanyaje?

Dada hakucheka. Kikombe alikishika kwa mikono miwili, hajakionja.

MIMI: Hebu tulieni, anayejua aseme. Karani, hiyo kompyuta ni Windows?

KARANI: Linux.

MIMI: Si ndiyo hiyo. Linux imeundwa na watu wa kujitolea. Mashine ya watu wasiolipwa itafanyaje kazi Ijumaa mchana? Imegoma. Kule mnara wa mlimani iligoma moja, nikaibembeleza kwa Kijerumani.

BREKI: Kijerumani gani unachokijua wewe?

MIMI: Cha kubembelezea.

KARANI: Haijagoma, mzee. Modemu hii ni mpya. Waliotengeneza wameweka humo ndani programu za Windows, kwa hiyo ukiichomeka inajitambulisha kwanza kama diski ya CD. Linux imeamini. Inaona diski, modemu haioni.

DADA: Kwa hiyo ipo. Ila imeandikwa kingine.

KARANI: Ndiyo, dada. Kuna kiprogramu cha kuigeuza. Ni kazi ya dakika moja.

FUTI: Kiweke basi, unangoja nini?

KARANI: Kiko mtandaoni.

Hapo kila mtu alipata jambo la kutazama mbali.

FUTI: Simu yako je?

KARANI: Ilitumbukia kwenye ndoo ya dawa ya maiti juzi. Zenu?

Tukatoa simu zetu, na dada akatoa yake. Zote za tochi. Karani akarudi ndani kujaribu tena, kichwa nje kichwa ndani, akitusikiliza kupitia dirisha.

FUTI: Mimi nawaambia. Modemu ya zamani iliungua siku walipoletwa wale wa ajali ya basi. Hii mpya imeshasikia habari. Imejificha.

BREKI: Kwani ina masikio? Tatizo ni mashine yenyewe. Kazi yake kila siku ni kuandika waliokufa. Kitu chenye taa inayowaka haijazoea kukiona.

MIMI: Nyote mnapapasa. Setilaiti ikipita juu ya mochwari inafumba macho. Walioirusha waliniambia wenyewe, nikiwa nimewashikia ngazi.

FUTI: Ngazi ya kwenda wapi?

MIMI: Juu. Au wewe hufika setilaiti kwa baiskeli?

Tulibishana hivyo mpaka kivuli cha ukuta kikatufikia magotini. Kahawa iliongezwa, tukanywa, tukabishana tena. Dada ndiye aliyetukata maneno, kwa sauti ya chini.

DADA: Karani, hicho kiprogramu hakuna fundi mwenye nacho?

KARANI: Fundi wa wilaya anacho kwenye flashi. Nilimpigia kwa simu ya mezani, amesema atakuja kesho.

DADA: Ofisi yake iko wapi?

KARANI: Stendi, nyuma ya benki.

DADA: Na gari lile pale ni la nani?

Breki alimwaga kahawa yake chini, akaenda zake bila kuaga. Gari likakohoa, likakohoa tena, likashika barabara ya stendi. Mimi nikaanzisha kisa cha mnara uliopigwa radi nikiwa juu yake, nikakiachia njiani. Hakuna aliyeniuliza mwisho wake.

Lililotokea kwenye kona ya barabara halikuwa gari la Breki. Lilikuwa lori jeupe la manispaa, turubai limefungwa kamba. Dereva wake, mgeni kwetu, kijana wa watu mwenye adabu, alishuka akatusalimu mmoja mmoja, akampa dada pole bila kujua ya nini, akapokea kikombe cha kahawa.

— Poleni na kazi, alisema. Leo ni wangapi?

Karani aliyekuwa mlangoni akatazama barabara. Futi akainama.

Dada akaweka kikombe chake chini. Akaenda mpaka kwenye mlango wa chumba cha majokofu, akageuka, akauegemea kwa mgongo.

— Nimeuliza wangapi, alisema dereva, akivaa glovu ya pili.