Visanduku Vinane vya Mama wa Gibson

Risala kwa Msimamizi wa Mradi wa Mbegu, Miasenyi, tarehe 9 Machi 1985

Mgeni rasmi, Bwana Msimamizi, Bwana Chifu, wazee wetu na majirani:

KARIBU

Umeacha gari kule barabarani ukaja kwa miguu hadi kwenye vumbi letu, nasi tumeona. Chai iko tayari. Lakini tunaomba utusikilize kwanza, maana tukishakunywa tutaona haya kusema.

TULIKOTOKA

Sisi ni akina mama arobaini na saba, Wadawida na Wakamba. Tulianza mwaka wa 1979 kwa kulimiana, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Tumejenga ghala la mabati, na ndovu wamelibomoa mara mbili tu. Mafanikio mengine hatuna uso wa kuyataja leo.

ORODHA

Mwaka jana, jua lilipokula kila kitu, ofisi yako ya Voi ilituletea fomu za mbegu za kupanda vuli, za katumani, mahindi yanayokomaa upesi. Kila mtu mstari wake, na kila mstari ulikuwa na visanduku, herufi moja kisanduku kimoja. Tulimpa Nyanya Dinah aandike, kwa kuwa alifika darasa la tatu na mkono wake hauna haraka. Aliandika siku nne. Penye jina, hakuweza kumwandika mama mzima jina lake tupu, kama anayemfokea mtoto atoke jikoni. Aliandika tunavyoitana kwa heshima: Mama wa Gibson, Mama wa Kiilu, Mama wa Peris, mpaka mwisho. Kati ya neno na neno aliacha kisanduku kitupu, safi kabisa, na kazi yake ikampendeza.

Mwezi wa kumi ikaja pakiti moja. Moja tu, ya Mama wa Gibson, aliyekuwa mstari wa kwanza.

AIBU YETU

Mgeni rasmi, hapa ndipo pagumu. Hatukuiuliza ofisi. Tulimuuliza yeye, penye bomba la maji, mbele ya watu.

"Wee Mama wa Gibson," mwenzetu Mbula akasema, "ulipitia mlango gani huko Voi?"

"Sijafika Voi tangu Pasaka, dada."

"Aa, basi mbegu zilikuja zenyewe, zikiuliza njia!"

Tulicheka. Nyanya Dinah naye alicheka, kisha akaongeza: "Mimi niliandika watu arobaini na saba. Aliyewafuta wengine anajijua."

Neno la mwandishi lina uzito, tukaliamini. Mama wa Gibson aligawa ile pakiti kwa kikombe cha chai, mlango kwa mlango, na wengine wetu hatukumfungulia. Vuli ikapita. Zamu yake ya kulimiwa ilipofika, hakuenda mtu. Alilima peke yake.

Januari akaja karani wako, Bwana Thadeus, na ile orodha. Alieleza kwamba kompyuta haisomi mstari wote. Imeambiwa ikate baada ya visanduku vinane vya mwanzo, hivyo ndivyo iviite jina. Akaweka rula juu ya vilivyobaki, vikafichika.

"Soma, nyanya."

"Mama wa."

"Wa pili?"

"Mama wa."

"Wa tatu?"

Alisoma hivyo hivyo, sauti ikishuka, hata mstari wa ishirini akairudisha karatasi.

"Kompyuta iliona mtu mmoja kaandikwa mara arobaini na saba," Bwana Thadeus akasema. "Ikabakisha wa kwanza. Haikumwonea mtu."

"Haikumwonea," Nyanya Dinah akasema. "Ni mimi niliyemwonea."

Siku hiyo alibeba fomu mpya, akapita nyumba kwa nyumba kuuliza majina. Nyumba moja aliiacha mpaka mwisho. Miaka ishirini na sita wameombana chumvi na moto, naye jina la mwenzake halijui.

"Unaitwa nani, mwenzangu?"

"Hujawahi kuuliza," Mama wa Gibson akasema. Akalitaja, akaendelea kuchambua mboga. Kiti hakutoa.

MAOMBI

Masika iko karibu. Fomu mpya ndizo hizi, na kila jina linaanzia kisanduku cha kwanza. Tunakusihi mbegu zitangulie mvua. Tukikosa tena, watoto watatuangalia.

Karani akileta fomu siku nyingine, na atuonyeshe kompyuta itakata wapi. Tutaandika inavyotaka. Heshima tutaiweka mahali pengine.

La mwisho ni zito kuliko mbegu. Umekuja na pakiti chache za kuanzia. Tunaomba umwite mtu mmoja kwanza, kwa kinywa chako, hadharani, kwa kuwa tulimwaibisha hadharani. Ameketi kule nyuma, ukutani mwa ghala. Viti vya mbele amekataa. Anaitwa Tryphena Wakesho. Nyanya Dinah amehesabu kwa kidole: Tryphena linajaza visanduku vinane kamili. Hapo kompyuta haina cha kukata. Tuliolikata ni sisi.

Mungu akufikishe nyumbani salama, na mvua ikukute njiani, ikulowanishe kwa niaba yetu.

Ni sisi, Kikundi cha Akina Mama Tuvumiliane, Miasenyi.

Imeandikwa na kusomwa na Dinah Mshai, mwandishi wa kikundi. Tulimwambia ampe mwingine asome. Akasema aliyesema penye bomba ndiye aseme na hapa.