Sangari za Neville

Ndani ya basi la Sheffield, Glenys alitega sikio. Kwa miaka alikuwa akisubiri kishamba cha kukodi cha halmashauri, na kiti cha mbele mzee mmoja alikuwa akimsuta mwenzake.

"Umepitisha trekta la pawatila kwenye magugu ya sangari, Neville? Kila kipande cha mzizi kitaota upya. Hukuzilima, umezipanda. Rudisha shamba kwa halmashauri, bwana."

Glenys akaomba kimoyomoyo alirudishe, zamu yake ifike. Dua kama hiyo haiombwi kanisani.

"Sirudishi," alisema Neville, amekumbatia mfuko wa mbegu za viazi. "Nitazing'oa kwa mkono, mzizi mmoja mmoja."

"Kwa mgongo huo?"

Basi likasimama. Glenys akashangaa kusikia sauti yake mwenyewe: "Mzee, mimi nina jembe uma. Na mgongo wangu ni mzima."