Jina la Restuta Kwenye Ripoti ya Miteja

Baba Paroko, shehe wetu wa hapa Mchinga, viongozi wa kijiji, wawakilishi wa chuo mliotoka mbali, majirani na watani, Tumsifu Yesu Kristo, na Asalaam alaykum. Naitwa Benedicto Alfonsi Namkaa, mdogo wa marehemu, ninayemfuata kwa kuzaliwa, na familia imenituma nisome maisha ya dada yetu. Nitajitahidi nisilie, nikishindwa mnivumilie, na watani naomba kwa leo mniache nimalize.

Marehemu Daktari Restuta Alfonsi Namkaa alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 hapa hapa Mchinga, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Alfonsi Namkaa, aliyeteremka kutoka Newala kuja kufanya biashara ya nazi, na Mama Rosalia, ambaye amekaa hapo mbele na hakutegemea hata siku moja kumzika mtoto huyu. Tangu mdogo alikuwa mbishi wa kweli, ukimwambia kuku ametaga alikwenda kuangalia kwanza, na Mzee alikuwa akisema huyu ama atakuwa hakimu ama atakosa mume.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1982 katika shule ya msingi hapa kijijini, akamaliza mwaka 1988, akachaguliwa kwenda sekondari ya wasichana huko Masasi kuanzia 1989 hadi 1992, akaendelea na kidato cha tano na sita, na mwaka 1995 akaingia chuo kikuu ambacho familia tumekubaliana tusikitaje jina, kwa kuwa wenyewe tunao hapa. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1999, ya pili mwaka 2004, na udaktari wa falsafa katika afya ya jamii mwaka 2012, wa kwanza katika ukoo wetu, na siku hiyo Mama alicheza mpaka kiatu kikakatika.

Mwaka 1999 aliajiriwa na chuo hicho hicho kama mhadhiri msaidizi. Tarehe 6 Oktoba 2001 alifunga ndoa takatifu na Ndugu Dismas Chitanda katika kanisa la parokia Lindi Mjini, wakajaliwa watoto wawili, Agnes aliyezaliwa mwaka 2003, na Alfonsi aliyezaliwa mwaka 2007. Kupika hakujua, shemeji Dismas ni shahidi, lakini nyumba yake haikukosa mgeni, na sisi ndugu na watoto wa ndugu tuliosomea kwake hatukuwahi kuulizwa tunaondoka lini.

Sasa nirudi kwenye kazi, maana hapo ndipo palipomuumiza. Mwaka 2016 chuo kilipata fedha kutoka kampuni moja ya nje inayouza dawa ya unga ya kupulizia mikorosho, ufanyike utafiti kama dawa ile inadhuru vifua vya watu, na dada akakabidhiwa kuusimamia. Mkataba ulikuwa na sharti kwamba matokeo yasitolewe kwa mtu yeyote mpaka kampuni iyasome na kuridhia, naye akatia saini kama wenzake, akiamini ni utaratibu tu wa kiofisi.

Badala ya kutuma wanafunzi na madodoso, alipanga chumba katika kijiji cha Miteja, nyumbani kwa Bi Sauda Maftaha, akakaa msimu mzima. Huko aliona jambo ambalo madodoso hayakuliuliza. Wanaoshika mashine ya kupulizia, alfajiri kabla umande haujakauka, ni wanaume, nao walikuwa wamegawiwa barakoa, lakini nyuma yao hufuata wake zao wamebeba mifuko ya dawa, wamejifunga kanga puani, na kazi ikiisha kanga ile ile hukung'utwa, akabebewa mtoto. Dada akaomba ruhusa ya akina mama, akawapima watoto wale, na wengi vifua vyao vilikuwa vinakoroma.

Alipoyaandika hayo, kampuni ilijibu kwamba fedha yake ni ya kuchunguza wapuliziaji, watoto waondolewe. Wakubwa wa chuo wakamwita, wakamsihi kwa upole, wakamweleza kwamba fedha hiyo hiyo ndiyo inayojenga maabara na kulipia vijana wa shahada ya pili, na kwamba watoto wanaweza kuchunguzwa siku nyingine kwa fedha nyingine. Dada hakuelewa, na mimi mpaka leo sielewi, mtoto anayekohoa atasubirije fedha nyingine.

Alikuwa amewaahidi akina mama wa Miteja kuwarudishia majibu. Tarehe 9 Juni 2018 alisimama nje ya ofisi ya kijiji, akawasomea matokeo yote kwa Kiswahili chepesi, na tangu msimu ule kanga ya shambani Miteja inabaki shambani, haibebi mtoto. Hicho ndicho chuo kikuu kilichotufaa sisi watu wa huku.

Kwa kosa hilo aliondolewa kwenye utafiti, na mwaka 2019 ripoti ikatoka, imehesabu wanaume wenye barakoa peke yao, inasema dawa haina madhara, na jina la dada yetu ni la pili kutoka juu. Aliomba liondolewe, akajibiwa kwamba alishiriki, na kwamba jina zito linaipa ripoti heshima. Mwaka 2021 ajira yake haikuendelezwa, akarudi kufundisha baiolojia sekondari Lindi Mjini, na uprofesa aliousubiri ukaishia hapo.

Wageni huenda wasijue kwa nini jambo hili lilimnyima usingizi kuliko hata kazi. Kwetu sisi jina la mtu haliendi naye kaburini, siku ya arobaini ukoo wa mama hukaa na kulikabidhi kwa mtoto, na anayelipokea anapokea na yote yaliyosemwa kwa jina hilo, ya heri na ya aibu, watu humdai na humshukuru kana kwamba ndiye yeye.

Mwaka 2022 alianza kuugua figo, akawa anasafishwa damu, kwanza Dar es Salaam, kisha Mtwara. Mwezi uliopita tukiwa wodini aliniambia neno moja nitakalolitamka kama alivyolitamka yeye: "Beni, mimi kufa nimekubali, lakini mtoto asije akapewa jina ambalo limesema uongo juu ya watoto." Alifariki Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa nane mchana, akiwa na umri wa miaka hamsini, na amemwacha mama, mume, watoto wawili, na sisi ndugu zake ambao tumevunjika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani wa Mchinga, Waislamu na Wakristo, mliopika, mliochimba kaburi na mliolala na Mama kwenye mkeka, na akina mama wa Miteja, mliokuja na Bi Sauda na watoto wenu wale, ambao sasa wanakimbia.

Tunawashukuru pia wafanyakazi wenzake wa chuo. Shada mlilolileta tumelipokea. Wasifu mlioomba tuusome tumeupokea pia, lakini ripoti ile mmeiweka ya kwanza katika kazi zake, kwa hiyo hatukuusoma. Arobaini ni tarehe 23 Machi, na atakayekabidhiwa jina ni mjukuu wa dada yetu mkubwa, Lusia, yule pale amebebwa, ana miezi mitatu. Tunawaomba, mbele ya jeneza hili, jina hilo litoke kwenye ripoti kabla ya siku hiyo. Hatuna ombi lingine kwenu.

Dada Restuta, umechoka, lala kwa utulivu mikononi mwa Mungu. Jina lako lisipotoka kwenye ripoti, mtoto tutamwita hivyo hivyo Restuta, na akishajua kusoma tutamwonyesha pa kuanzia kudai.