Kumkumbuka Dativa, Aliyekiona Kinachousukuma Moyo

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Mang'ula, mlioko Ifakara mjini na mlioko ng'ambo ya mto, habari za jioni. Sogezeni viti. Leo tunamkumbuka Dativa Eustaki, binti wa Kisawasawa, aliyefariki wiki iliyopita kwa homa kali na kuzikwa kijijini kwao. Dativa alikuwa mtafiti wa moyo. Narudia, wa moyo. Watafiti wa mbu na wa mpunga tumewazoea, lakini wa moyo tulikuwa naye huyu mmoja tu.

Dativa alikuwa darasa la sita mdogo wake Faustin alipoanguka shambani, wakipalilia mpunga, asiinuke tena. Hospitalini wakasema moyo umesimama. Dativa akauliza, umesimamishwa na nini? Wakubwa wakamwambia anyamaze, hiyo ni kazi ya Mungu. Akanyamaza, lakini swali halikumtoka. Alikwenda nalo sekondari, akaenda nalo chuo kikuu, akavuka nalo bahari kwenda kusoma Ulaya. Mwaka 1994 akarudi nalo nyumbani, kwenye maabara ndogo ya mtaa wa Viwanja Sitini, Ifakara, iliyokuwa ikichunguza jinsi dawa za malaria zinavyougusa moyo.

Kazi yenyewe, jamani, inashangaza. Alichukua moyo wa simbilisi, hawa hawa tunaowafuga jikoni, akauosha kwa dawa mpaka nyama yake ikaachana, seli moja moja. Seli ni chembe hai, ndogo mno, jicho halifui dafu. Chini ya darubini kila seli inalala peke yake kama punje ya mchele, na nyingine inacheza yenyewe. Dativa aliigusa seli kwa ncha ya kioo nyembamba kuliko unywele, akavuta hewa kwa mdomo taratibu kupitia mpira mwembamba, mpaka ncha ikagandana na ngozi ya seli. Meza aliiweka juu ya tyubu za trekta, lori likipita barabarani lisije likamtikisa.

Alikuwa akitafuta kalsiamu. Ndiyo, kalsiamu, hii iliyomo kwenye maziwa, kwenye mifupa na kwenye chokaa ya ukutani. Seli ya moyo ina milango midogo. Mlango ukifunguka, kalsiamu inaingia, na msuli unajikunja. Ndiyo pigo la moyo. Kalsiamu inapoingia inabeba umeme kidogo sana, na umeme huo Dativa ndio aliotaka kuupima.

Mama yake, Bibi Paskalina, hakutaka hata kusikia. Alikataa kukanyaga maabara. Alimwambia binti yake, "Dativa, moyo si kitu cha kuchezea. Tulishazika mmoja."

Basi mwaka 1996 mambo yakaharibika. Mtambo wa kusafishia maji ya kulazia seli uliungua, na kipuri kilikuwa cha kuagizwa nje. Masika yalikuwa yameanza, na maabara ilikuwa imeezekwa upya. Wakaamua kukinga maji ya mvua. Nani hapa bondeni asiyejua kwamba maji ya mvua ndiyo safi? Lakini tangu siku hiyo umeme wa kalsiamu ukapotea. Seli zilikuwa hai, mashine ilikuwa nzima, lakini mstari kwenye skrini ulilala tu. Ngusa, fundi wa mitambo, alifungua kila waya, akafunga, akafungua tena. Dativa akaanza kuishuku mikono yake mwenyewe. Na wafadhili wakaleta taarifa: kama hakuna kinachoonekana mpaka mwisho wa mwezi, mashine inahamishwa. Mashine ikienda, swali la Dativa linaenda nayo.

Jumamosi akaenda Kisawasawa, amechoka, hana raha. Akamwamkia mama yake, akachota kikombe kwenye ndoo iliyokuwa chini ya mchirizi. Bibi Paskalina akamshika mkono.

"Mwaga hayo. Bati jipya hilo, mvua za kwanza hatunywi. Umesahau kwenu?"

Kweli alikuwa amesahau. Alionja tone moja, akasikia ladha ya bati ulimini, akabaki amesimama. Bati jipya, kama lile la maabara, limepakwa zinki. Na zinki, hilo alilisoma miaka mingi nyuma, inakaa kwenye milango ya moyo na kuizuia kalsiamu isipite. Alianza kucheka peke yake mpaka mama yake akaingiwa na hofu.

Jioni hiyo mvua ilinyesha tena. Wakatandaza nailoni mpya uani, mbali na paa, Dativa ameshika upande huu na mama yake upande ule, wamelowa chapachapa, wanakinga maji kutoka mbinguni moja kwa moja. Jumatatu, ndani ya maji hayo, mstari ulishuka ghafla kama bonde, kisha ukapanda polepole: umeme wa kalsiamu umerudi. Muda wote huo haukufika hata kufumba jicho. Ngusa ananiambia, "Dativa alikuwa analia, na mimi nikatazama pembeni."

Mashine ilibaki. Wiki iliyofuata Bibi Paskalina alikuja mwenyewe Viwanja Sitini. Aliinama kwenye darubini, akaiona seli inacheza. Akatazama mstari. Akauliza kama huu ndio mlango uliomfungia Faustin. Dativa alimjibu ukweli, kwamba hajui, na pengine hatajua kamwe.

Mama akauliza, "Na kwangu mimi, hapa nilipokaa, kinafanyika hiki hiki?"

"Ndiyo, mama. Tangu hujazaliwa."

Nilikwenda msibani. Bibi Paskalina alinishika mkono akaniambia, "Watu wananipa pole kwa watoto wawili. Nashukuru. Lakini usiku nikilala nasikia moyo wangu, na sasa najua unafanya nini. Huyu mtoto ndiye aliyenionyesha."

Bibi Paskalina, Ngusa, na ndugu wote wa Kisawasawa, poleni sana. Mungu amlaze Dativa pahali pema.

Wasikilizaji wapendwa, nitanyamaza kidogo sasa, na redio haijaharibika. Weka kiganja kifuani. Usihesabu. Sikiliza tu milango inavyofunguka bila wewe kuiomba.