Eneo Lililopata Alama Tisini na Mbili

Mgeni rasmi, mkurugenzi wa mradi wa Jengo la Kijani, viongozi mlio meza kuu, mabibi na mabwana,

Sisi wanakikundi wa bustani na vitalu vya miche tunakukaribisha mahali petu. Tunasema "petu" kwa mazoea, utuwie radhi. Risala hii ilikuwa isomwe na mwenyekiti wetu, tunayemwita Mama Mboji. Yule pale kiti cha nyuma, amekunja mikono. Amekataa katakata. Amesema, "Mdomo wangu ndio uliotufikisha hapa. Someni wenyewe."

HISTORIA YETU

Miaka kumi na tisa iliyopita hapa palikuwa jalala. Mama Mboji alianza na toroli moja na majirani wanne. Tuliokota vioo na mifuko ya plastiki kwa mikono, tukachimba mitaro ya kutuliza maji ya mvua, tukapanda miti. Leo tupo thelathini na wawili. Kivuli ulichokalia, mgeni rasmi, ni jasho letu.

MAFANIKIO

Mwaka jana walikuja wataalamu na kamba za kupimia, wakasema wanatafuta eneo linalofaa kwa jengo lisiloharibu mazingira. Tulifurahi kweli. Tulidhani wanataka kujua ni wapi pasiguswe. Mama Mboji akawatembeza siku tatu, akawaonyesha hata shimo la mboji. Mmoja akamwuliza, "Mama, udongo mzuri hivi mmeutoa wapi?"

"Tumeutengeneza, mwanangu. Chimba mwenyewe uone!"

Akachimba, akajaza chupa yake, akashukuru.

Eneo likapata alama tisini na mbili kwa mia: kivuli, rutuba, upepo, maji yanayozama bila kutuama. Ghala bovu ng'ambo ya barabara, lenye sakafu ya saruji, umeme na bomba, lisilo na mtu wala mti, likapata thelathini na moja. Tuliambiwa ni pachafu mno. Hata hapa palikuwa pachafu, ila tulipasafisha.

CHANGAMOTO

Tumepewa siku kumi na nne tuondoke. Kati ya miti yetu ishirini, kumi na minane imepakwa rangi nyekundu, ikatwe. Tumeelezwa kwamba juu ya paa la jengo kutakuwa na bustani. Inatuuma, hatufichi. Mara nne tumeomba kumwona mkurugenzi, mara nne yuko kikaoni. Leo tumemwona, tunashukuru. Juzi tuliagizwa risala iwe ya pongezi na isizidi ukurasa mmoja. Ukurasa ni mmoja.

MAOMBI

Hatuombi fidia. Tunaomba jengo livuke barabara, hatua mia mbili tu, likakae pale ghalani. Kusafisha tutasafisha sisi, kazi hiyo tunaijua. Jiwe la msingi utakaloliweka leo bado halijashikwa na saruji. Tumeliangalia asubuhi, linabebeka.

HITIMISHO

Baada ya hapa utapanda mti wa kumbukumbu. Mche huo ulichukuliwa jana kwenye kitalu chetu. Mama Mboji aliuotesha mwenyewe, na ana neno moja tu kwako: "Mwambieni aje aumwagilie, asubuhi na jioni, miezi mitatu. Sisi getini hatutaruhusiwa kupita."

Mungu akujalie afya njema, na akugeuzie macho ng'ambo ya barabara kabla hujashika mwiko wa saruji.

Ni sisi,
Kikundi cha Bustani ya Jalalani