Dirisha la Lukwenzi: Wasifu wa Marehemu Urbanus Gabrieli, Opereta wa Simu

Baba Padri, Mwenyekiti wa kijiji, wafanyakazi wa Lukwenzi mliokuja na lori la mkonge, na ninyi wa Malolo mliotembea tangu jana: poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Anayewasomea ni Raheli, mdogo wake marehemu. Familia imemwomba asilie mpaka amalize kusoma. Atajaribu, hakuahidi.

Marehemu Urbanus Gabrieli alizaliwa tarehe 3 Machi 1921 hapa hapa Mikumi, mtoto wa tatu wa mzee Gabrieli na mama Regina. Alizaliwa na kifua kibovu. Pumu ilimkamata angali ananyonya, na mama alizoea kusema kwamba mtoto huyu pumzi ameazimwa, hakupewa. Kwa kuwa hakuweza kukimbia na wenzake, alikaa kizingitini akiangalia nani anapita na anakwenda wapi. Ukipotelewa na mbuzi, ulimwuliza Urbanus. Ukimtafuta mumeo, ulimwuliza Urbanus vilevile, na wapo waume waliomnunia kwa hilo hadi uzeeni.

Alisoma shule ya misheni Kilosa kuanzia mwaka 1932 hadi 1936, akamaliza darasa la nne. Hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Mwalimu alimpa kazi ya kuita majina asubuhi, na baada ya wiki mbili akaacha kufungua daftari, maana alijua kwa kichwa nani hayupo na kwa nini hayupo: huyu ana homa, huyu yuko shambani na baba yake, na yule yuko mtoni Mkondoa anaogelea, homa hana.

Mwaka 1941 aliajiriwa kusimika nguzo na kufunga nyaya za simu kati ya Kilosa na Mikumi. Tembo walijikuna kwenye nguzo zikalala chini, twiga wakapita na waya shingoni. Mara moja aliandika katika taarifa yake, "Waya umekatwa na twiga," na bwana mkubwa wa Morogoro akamrudishia karatasi kwa hasira kwamba ofisi haitaki masihara. Urbanus hakubishana. Alibandua manyoya yaliyonata kwenye ule waya, akayatia katika bahasha, akayatuma. Hakuulizwa tena. Mwaka 1951 alianguka kutoka juu ya nguzo, mguu wa kulia ukavunjika na kuunga vibaya, na kazi ya kupanda ikaishia hapo.

Mwaka 1952 alipokelewa katika shamba la mkonge la Lukwenzi, upande wa Kimamba, akakalishwa kwenye swichibodi. Watoto mliopo hamjaiona, basi sikilizeni. Swichibodi ni ubao wenye matundu na nyaya. Mtu wa korona, kule mashine inakochuna majani ya mkonge, akinyanyua simu, opereta anamwuliza anamtaka nani, kisha anachomeka waya kwenye tundu la yule anayetakiwa. Kabla ya Urbanus kiti kile kilikaliwa na mke wa bwana shamba, na wengi walidhani Mwafrika atakikalia mwezi mmoja tu. Alikikalia miaka ishirini na mmoja.

Na hapo ndipo ilipoanza ile desturi yenu ya Lukwenzi, ambayo haikuandikwa popote. Chumba cha simu kilikuwa na dirisha linalotazama njia panda. Mtu akitoka mahali pake pa kazi alipita dirishani, akasema anakokwenda. "Shikamoo mzee Urbanus, naenda karakana." "Marahaba, nenda mwanangu." Hivyo tu. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, lakini kwa Urbanus asiyekuwapo na lake lilikuwapo. Ukipiga simu kwa fundi umeme akawa hayuko ofisini, simu haikulia bure. Urbanus alikwambia, "Subiri, yuko bwawani," akachomeka waya wa bwawani, na fundi akapatikana. Joha, mke wa nyapara, alijifungua salama mwaka 1958 kwa sababu Urbanus alijua mkunga amekwenda kununua chumvi na duka alilokwenda.

Asubuhi ya tarehe 9 Desemba 1961 aliweka redio kando ya kinywa cha simu, akachomeka nyaya zote kwa pamoja. Korona, karakana, zahanati, mizani, kila aliyenyanyua simu alisikia wimbo wa taifa letu jipya. Kesho yake bwana shamba alimwuliza nani alimruhusu. Urbanus alijibu, "Hakuna aliyeniruhusu bwana, na mimi sikuuliza." Alilisimulia hilo mpaka tukalichoka. Leo tungetoa chochote tulisikie tena.

Tarehe 11 Julai 1953, katika kanisa la Kilosa, alifunga ndoa na Paulina, binti wa mzee Petro wa Malolo. Paulina alikuwa amekuja dirishani kuulizia kaka yake, aliyeacha kuandika barua tangu aingie kazi ya mkonge. Urbanus alimtafuta kaka huyo katika mashamba matano kwa simu, akampata, akampa Paulina mkono wa simu aongee naye. Paulina anasema aliposikia sauti ya kaka yake alimtazama yule mwanamume kilema kwenye kiti, akajua ameolewa. Mungu aliwajalia watoto watatu: Petro, Regina na Gabrieli.

Mwaka 1967 Lukwenzi ikawa mali ya umma, na Urbanus alifurahi kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Mwanzoni mwa mwaka 1973 uongozi ukatangaza kwamba zinaletwa simu za kisasa, za mtu kuzungusha namba mwenyewe. Opereta hatahitajika. Magreti, aliyekuwa akimpokea zamu ya mchana, alipewa barua akarudi Malolo, naye yuko hapa leo, amekaa safu ya pili. Urbanus aliombwa abaki miezi mitatu amfundishe fundi kutoka Dar es Salaam, kijana mwenye adabu aitwaye Ulimboka. Alimfundisha kwa moyo wote. Namba zote alizipanga yeye na kuzibandika kwa mwandiko wake: ofisi moja, korona mbili, mizani tatu, zahanati nne.

Siku ya mwisho alimwuliza, "Mwanangu, mtu akiwa hayupo kwenye simu yake, hii mashine inamtafuta wapi?"

Ulimboka alikuna kichwa. "Mzee, mashine inapiga tu. Kutafuta ni kazi ya mtu."

"Na mtu ndiye mnayemwondoa."

"Mimi nimetumwa kufunga simu, mzee. Nisamehe."

Urbanus hakumlaumu. Alikwenda mbele ya kamati ya wafanyakazi, akaomba kitu kimoja: mashine wafunge, lakini dirisha liachwe wazi na akae mtu yeyote, hata kama si yeye, watu waendelee kupita na kusema wanakokwenda. Wajumbe walicheka, si kwa ubaya. Walisema taifa linajenga maendeleo, mzee asilirudishe nyuma. Aliwajibu, "Usiache mbachao kwa msala upitao," akakaa. Mwezi wa sita dirisha likazibwa kwa matofali, chumba kikawa stoo ya makaratasi.

Hakufukuzwa. Waliambiana kwamba katika nchi ya Ujamaa mzee hafukuzwi, basi wakamtafutia kazi ya kukaa. Wakampeleka chumba cha brashi, mahali singa za mkonge zinaposuguliwa kabla ya kufungwa marobota, akawa mlinzi wa ghala. Enyi wa Lukwenzi, lile vumbi mnalijua. Hata mwenye kifua kizima anatoka mle akikohoa. Hakuna aliyemuuliza kifua chake kikoje, na yeye, kwa kiburi chake ambacho tunakipenda na leo tunakilaani, hakusema.

Marehemu alianza kuugua Februari mwaka huu. Paulina alimwambia, "Baba Petro, acha hiyo kazi twende Malolo tukalime." Alijibu, "Nikiondoka nani atajua watu wako wapi?" Paulina akamkumbusha kwamba hata sasa hakuna anayempitia. Alivaa kofia, akaenda kazini.

Alhamisi tarehe 14 Novemba 1974, saa nne asubuhi, kifua kilimbana akiwa ghalani. Binti yake Regina, karani wa marobota, alikuwa hapo. Simu ilikuwa ukutani, na chini yake kibandiko cha mwandiko wa baba: zahanati nne. Regina alizungusha nne. Ikalia. Akazungusha tena. Alizungusha mara nne, baba yake amekaa juu ya robota, ameshika magoti, akimwonyesha kwa kidole aendelee. Familia hailaumu mashine. Mashine ilipiga, na ilipiga vizuri. Mama mmoja aliyekuwa kisimani alisikia kengele inalia zahanati, akashangaa mbona haipokelewi. Regina akaitupa simu, akakimbia nusu maili, akakuta mlango umefungwa.

Mganga wa zahanati, Bwana Melkizedek, alikuwa korona akimfunga mtu kidole. Kutoka chumba cha brashi hadi korona ni hatua mia mbili. Sindano ya pumu ilikuwa ndani ya mkoba wake. Alisikia kilio, akaja mbio, akamkuta Urbanus bado yuko juu ya robota, pumzi imekwisha, mwili ungali na joto.

Juzi usiku huyu mganga alikaa na familia kwenye matanga, hakula. Alisema, "Miaka kumi na miwili sikutoka zahanati bila kupita dirishani. Siku ile nilipita pale pale kwa mazoea, nikakuta matofali, nikaendelea." Hatumlaumu. Paulina amemshika mkono mbele ya watu wote, mmeona. Tumeambiwa tusimlaumu mtu yeyote, na familia haimlaumu mtu. Raheli peke yake ndiye analaumu kidogo, na ataungama kwa Baba Padri baadaye.

Marehemu ameacha mjane, Paulina, watoto watatu, Petro, Regina na Gabrieli, mjukuu mmoja, na dada mmoja. Regina haulizwi chochote kuhusu siku ile. Alipiga namba aliyofundishwa na baba yake, na baba yake aliona.

Familia ina ombi moja. Mkishatupia udongo, msiondoke kimya. Kila mmoja apite kichwani pa kaburi, amwambie marehemu anakokwenda, kama mlivyozoea kule dirishani. Si lazima kusema kwa sauti. Hakupenda kukaa bila kujua watu wake wako wapi, na pumzi aliyoazimwa ameirudisha kwa mwenyewe. Tumpe basi hicho kidogo kilichobaki, apumzike kwa amani.

Raheli ataanza.

Kaka Urbanus, shikamoo. Naenda jikoni kwa wifi Paulina, kuwapikia hawa watu. Ukinitafuta, niko huko.